Deni la kadi lililofutwa vitabuni na ombi la mkopo wa nyumba: uchambuzi wa kisa kimoja

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha familia ya Watanzania wanaoishi katika jimbo mojawapo la katikati ya Marekani, ambao mwaka 2024 walitaka kununua nyumba yao ya kwanza huku mke akiwa na deni la kadi ya mkopo lililokuwa limelala tangu mwaka 2019. Majina, mji, jimbo, benki, kampuni iliyonunua deni na taasisi iliyotoa mkopo vimeondolewa, na baadhi ya tarakimu zimekadiriwa bila kuharibu hesabu yenyewe. Mhusika mkuu anaitwa hapa mteja. Aliridhia kisa chake kiandikwe kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, kila aliyemuuliza alimpa jibu tofauti, na wote walijibu kwa uhakika uleule.

Mazingira

Mteja ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee na kipato chake cha mwezi, kabla ya makato, kilikuwa dola 4,600. Mumewe alikuwa dereva wa lori aliyeacha ajira mwaka uliotangulia na kuanza kujitegemea, jambo lililoongeza fedha nyumbani lakini likamwondoa katika ombi la mkopo, kwa kuwa wakopeshaji wa nyumba huko kwa kawaida hutaka kuona miaka 2 ya kazi ya kujitegemea katika taarifa za kodi kabla ya kuhesabu kipato cha aina hiyo. Ombi lilibidi lisimame kwa jina la mke peke yake, na kwa hiyo historia yake ya mikopo ndiyo iliyobeba kila kitu.

Historia hiyo ilikuwa na doa moja kubwa. Mwaka 2019, mama yake alipougua na kulazwa Dar es Salaam, mteja alikuwa akituma nyumbani karibu kila alichobakiza, na kadi yenye kikomo cha dola 3,500 ikawa ndiyo inayolipia mafuta ya gari na chakula. Malipo ya mwisho aliyafanya Mei 2019. Awamu ya Juni ikapita, na zilizofuata zikapita vilevile. Baada ya siku 180 bila malipo, benki za Marekani hutakiwa na wasimamizi wao kuliondoa deni la kadi katika mali zao na kuliandika kuwa hasara, na ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka huo, deni likiwa limefika dola 4,280 pamoja na riba na adhabu za kuchelewa. Hatua hiyo, ambayo hapa inaitwa kufuta deni vitabuni, ni ya kihasibu tu. Benki hujipunguzia faida katika vitabu vyake, lakini mdaiwa hubaki akidaiwa kila senti, na benki huwa huru kuendelea kudai au kuliuza deni hilo kwa mtu mwingine.

Mteja hakulijua hilo. Familia ilihama nyumba mapema mwaka 2020, barua zikaendelea kwenda anwani ya zamani, na simu zilipokoma yeye akaamini kwamba benki imesamehe.

Mfuatano wa matukio

Januari 2024, walipoanza kuzungumzia nyumba, mteja alifungua programu ya simu inayoonyesha alama za mikopo na kukuta deni la dola 4,280 chini ya jina la kampuni asiyoijua. Shemeji yake, ambaye naye alikuwa amenunua nyumba miaka michache nyuma, alimpa ushauri wa haraka: "Shemeji, hiyo kampuni huna mkataba nayo. Bonyeza pale uandike si deni lako, watalifuta wenyewe." Akabonyeza. Hakuna kilichofutwa, shirika la taarifa za mikopo liliiuliza kampuni, kampuni ikathibitisha, na ripoti ikabaki na deni lilelile, safari hii likiwa na alama kwamba mhusika analipinga.

Februari akaomba tathmini ya awali kwa mkopeshaji wa kwanza. Alama zake katika mashirika 3, yaani Equifax, Experian na TransUnion, zilikuwa 591, 598 na 612, na kwa desturi ya mikopo ya nyumba huchukuliwa ile ya katikati, yaani 598. Kiwango hicho kilitosha kwa mkopo unaodhaminiwa na FHA, mamlaka ya shirikisho ya makazi, ambayo huruhusu malipo ya awali ya asilimia 3.5 kwa mwenye alama 580 au zaidi. Hata hivyo ombi lilikwama Machi kwa sababu mbili. Kwanza, madeni mabaya yenye alama ya kupingwa yakifika jumla ya dola 1,000 hulitoa ombi la FHA katika mfumo wa kompyuta na kulipeleka kuchambuliwa kwa mkono, chini ya masharti makali zaidi, na mkopeshaji huyo hakuwa akifanya uchambuzi wa namna hiyo. Pili, deni lenyewe liliingizwa katika hesabu ya madeni ya kila mwezi, kwa namna itakayoelezwa mbele.

Katikati ya hayo kampuni ya kusafisha mikopo ilimwahidi kufuta kila kitu kwa dola 800 zinazolipwa mwanzoni. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inakataza kampuni za aina hiyo kupokea malipo kabla ya kumaliza kazi zilizoahidi, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuwasikiliza zaidi.

Aprili mteja alikuja kwenye ofisi ya ushauri wa makazi iliyoidhinishwa na HUD, wizara ya makazi ya Marekani. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchukua ripoti kamili kutoka mashirika yote 3, ambazo hupatikana bila malipo, na kuziweka mezani sambamba. Ripoti 2 zilisema deni lilianza kuchelewa Juni 2019. Ya tatu ilisema Februari 2021, mwezi ambao kampuni ililinunua kutoka benki. Tofauti hiyo ya mstari mmoja, ambayo programu ya simu haikuwa ikiionyesha kabisa, ilimaanisha kwamba katika shirika hilo doa lingebaki hadi mwaka 2028 badala ya kuondoka mwaka 2026.

Wiki hiyohiyo simu ya kampuni iliyonunua deni ikamfikia. Mtu wa upande wa pili alikuwa mpole. Alisema anaelewa maisha yalivyo, kwamba mteja si lazima alipe yote leo, na kwamba dola 50 tu zingetosha kuonyesha nia njema, akimwomba namba ya akaunti ya benki ili wazichukue palepale. Mteja alikuwa na kadi yake ya benki mkononi. Alichosema kikamwokoa: kwamba angependa kila kitu kiletwe kwa maandishi.

Barua iliandikwa siku iliyofuata kwenda kwa kampuni hiyo, ikitumwa kwa rejista, ikiomba uthibitisho wa deni bila kukiri wala kukana. Kisheria kampuni ya kukusanya madeni hulazimika kusimamisha madai hadi ithibitishe ikiwa mdaiwa ameandika ndani ya siku 30 tangu apate taarifa ya kwanza. Kwa mteja dirisha hilo lilikwisha kufungwa pamoja na barua zilizopotelea anwani ya zamani. Hata hivyo kampuni nyingi hujibu, na hii ilijibu. Bahasha iliyofika ilikuwa na karatasi 3: nakala ya mauziano kati ya benki na kampuni, barua fupi, na taarifa ya mwisho ya kadi iliyokuwa na tarakimu 4 za mwisho za akaunti, salio la dola 4,280, na mstari uliosema malipo ya mwisho yalipokewa Mei 2019. Karatasi hiyo ya tatu ilikuwa na thamani kuliko zote, kwa sababu ilikuwa ushahidi wa kampuni dhidi ya tarehe ambayo kampuni yenyewe ilikuwa imeiandikisha.

Mei, pingamizi jipya lilitumwa kwa shirika lenye tarehe mbovu. Halikusema deni si la mteja. Lilisema tarehe ya kuchelewa si Februari 2021 bali Juni 2019, na likaambatanisha nakala. Kisheria shirika hupewa siku 30 za kuchunguza. Juni tarehe ilikuwa imesahihishwa. Kisha mteja akaandika barua nyingine kuomba alama ya kupingwa iondolewe katika ripoti zote, nayo ikaondolewa.

Mwezi huohuo wa Mei alilipa kadi zake 2 zilizokuwa hai. Moja ilikuwa na kikomo cha dola 1,500 na salio la 1,380, nyingine kikomo cha 1,000 na salio la 890, maana yake alikuwa ametumia zaidi ya asilimia 90 ya alichoruhusiwa. Alizishusha hadi jumla ya dola 150. Taarifa za mwezi uliofuata zilipofika katika mashirika, alama zikawa 624, 631 na 640.

Julai ndipo mazungumzo ya kumaliza deni la zamani yalipoanza, yote kwa maandishi. Kampuni ilitaka asilimia 80, yaani dola 3,424. Mteja akasema ana dola 1,400. Walikutana kwenye dola 1,900 za mkupuo mmoja. Ombi lake kwamba deni lifutwe kabisa katika ripoti lilikataliwa. Kampuni iliahidi tu kuliandika kuwa limemalizwa na salio ni sifuri. Barua ya makubaliano ilipofika, ikiwa na namba ya akaunti, kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipa na sentensi inayosema malipo hayo yanamaliza salio lote, ndipo alipolipa.

Fedha zilitoka kwenye mchezo wa wanawake wa jumuiya yao, zamu yake ikiwa imeangukia mwezi huo. Alizipokea taslimu, akaenda posta na kununua hundi za posta 2, moja ya dola 1,000 ambayo ndiyo kikomo cha hundi moja, na nyingine ya 900, akaandika namba ya akaunti kwenye zote mbili na kubana vipande vya risiti nyuma ya barua ya makubaliano. Akaunti yake ya benki haikuguswa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mgumu kuliko yote ulikuwa kama deni lilipwe au lisilipwe, kwa sababu hoja ya kutolipa haikuwa ya kipuuzi. Mtu mzima mwenye heshima yake katika jumuiya, ambaye alikuwa akizifahamu sheria hizi vizuri, alimwambia: "Mwanangu, deni likizeeka huondoka lenyewe. Kaa kimya." Ni kweli kwamba huondoka katika ripoti, na mashirika hulitoa miaka 7 tangu malipo ya kwanza yaliyokosekana, ambayo hapa ilikuwa Juni 2026. Ni kweli pia kwamba kila jimbo lina kikomo cha muda wa kushtaki kwa deni la mkataba. Katika jimbo la mteja ni miaka 6, kwa hiyo haki ya kumfikisha mahakamani ingekwisha Juni 2025, na tangu Novemba 30, 2021 kanuni za shirikisho huikataza kampuni ya kukusanya madeni kumshtaki mtu, au kumtishia kumshtaki, kwa deni lililopita kikomo hicho.

Ila wakati swali linaulizwa ilikuwa Aprili 2024. Kukaa kimya kungemaanisha mwaka mzima na zaidi ambamo kampuni ilikuwa na haki kamili ya kushtaki, tena katika kipindi ambacho mdai hujua muda wake unayoyoma, na mdaiwa naye alikuwa amejitokeza kwa pingamizi la Januari na kuonyesha anwani yake mpya. Hukumu ya mahakama ingekuwa tatizo la daraja jingine. Hukumu za madai hazionekani tena katika ripoti za mikopo tangu mwaka 2017, na wengi hudhani kwa hiyo hazina madhara, lakini huonekana katika uchunguzi wa hati za umiliki unaofanywa kabla ya kila ununuzi wa nyumba, zinaweza kuwa dai juu ya nyumba yenyewe, na FHA hutaka hukumu ilipwe, au mdaiwa awe na mpango wa malipo alioufuata kwa miezi kadhaa, kabla ya kutoa dhamana.

Sababu ya pili ilikuwa ya hesabu tupu. Kwa kanuni za FHA, madeni yaliyo mikononi mwa wakusanyaji yakifika jumla ya dola 2,000, mwombaji ana njia 3: kuyalipa, kuonyesha mpango wa malipo, au kukubali asilimia 5 ya salio ihesabiwe kama deni la kila mwezi hata kama halipi chochote. Asilimia 5 ya 4,280 ni dola 214. Nyumba waliyoitazama ilikuwa ya dola 165,000, na malipo yake ya mwezi pamoja na kodi na bima yalikadiriwa kuwa 1,412. Ukijumlisha mkopo wa gari wa 310 na malipo ya chini ya kadi ya 50, ilikuwa 1,772, sawa na asilimia 38.5 ya kipato. Ukiongeza ile 214, ilikuwa 1,986, na mkopeshaji aliyeshika ukomo wa asilimia 43 angesimama kwenye 1,978. Dola 8 zilitosha kumnyima nyumba.

Mpango wa malipo ya kidogokidogo ulikataliwa kwa makusudi. Awamu zake zingehesabiwa zilezile katika uwiano wa madeni na kipato, na katika jimbo lake malipo ya sehemu ya deni huweza kuanzisha upya muda wa miaka 6 wa kushtaki. Hapo ndipo ilipokuwa hatari ya zile dola 50 za nia njema: zingeuondoa ukomo wa Juni 2025 na kuusogeza hadi mwaka 2030, bila kupunguza chochote cha maana.

Njia ya kukwepa FHA nayo ilipimwa. Kwa mkopo wa kawaida unaofuata kanuni za Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, deni la kadi lililofutwa vitabuni au kukabidhiwa wakusanyaji si lazima lilipwe ikiwa nyumba ni ya familia moja na mnunuzi ataishi humo. Kufikia Juni, mteja akiwa na alama 631, mlango huo ulikuwa umefunguka. Ulifungwa na bei: kwa alama hizo bima ya mkopo wa kawaida na riba yake vilizidi vya FHA, ambayo hutoza bima ya asilimia 1.75 ya mkopo mwanzoni na, kwa mkopo wa namna hii, asilimia 0.55 kwa mwaka.

Matokeo

Agosti deni lilionekana katika ripoti zote 3 likiwa limemalizwa na salio sifuri. Ombi jipya liliwasilishwa Septemba kwa mkopeshaji mwingine, pamoja na barua ya maelezo ya nusu ukurasa kuhusu ugonjwa wa mwaka 2019, barua ya makubaliano na risiti za posta. Taarifa za benki za miezi 2 zilizodaiwa hazikuwa na amana ya kushangaza. Uchunguzi wa hati haukukuta hukumu. Walisaini Novemba 2024.

Februari 2025 ikaja fomu 1099-C, ikionyesha dola 2,380 zilizosamehewa. Mdai aliyesamehe dola 600 au zaidi huiarifu mamlaka ya kodi, na kiasi hicho huhesabiwa kuwa kipato cha mdaiwa isipokuwa aweze kuonyesha, kwa fomu 982, kwamba madeni yake yalizidi mali zake wakati wa msamaha. Familia ilikuwa na akiba, kwa hiyo msamaha huo wa kodi haukuwahusu. Kwa daraja lao la asilimia 12 walilipa takriban dola 286 za kodi ya shirikisho. Gharama halisi ya kulimaliza deni ikawa 2,186, kama nusu ya lililodaiwa.

Uchambuzi

Jambo lililoleta mkanganyiko mwingi katika kisa hiki ni imani kwamba kulipa deni la zamani hupandisha alama. Tarakimu za mteja zinaonyesha vinginevyo. Alama ya katikati ilipanda kutoka 598 hadi 631 baada ya kushusha salio la kadi zilizo hai na kusahihisha tarehe. Baada ya kulipa dola 1,900 ilitoka 631 ikawa 633. Mifumo ya zamani ya FICO, kampuni inayobuni hesabu za alama za mikopo, ambayo ndiyo wakopeshaji wa nyumba wameitumia kwa miaka mingi, haitofautishi sana deni lililo kwa mkusanyaji likiwa limelipwa na likiwa halijalipwa, tofauti na mifumo mipya kama FICO 9 inayoyapuuza yaliyolipwa. Kilichonunuliwa kwa 1,900 kilikuwa nafasi ya dola 214 kwa mwezi katika hesabu ya mkopeshaji, na usalama dhidi ya mahakama. Kama mteja angekuwa na fedha za jambo moja tu, kadi zilizo hai zingestahili kulipwa kwanza, na ninaamini watu wengi wenye hali hii hufanya kinyume kwa sababu deni la zamani ndilo linalowatia aibu.

Swali la nani anashika deni lilikuwa na uzito kuliko ukubwa wa deni. FHA hutofautisha deni lililofutwa vitabuni ambalo bado liko kwa mkopeshaji wa awali, ambalo halihesabiwi katika madeni ya mwombaji, na deni lililo kwa mkusanyaji, ambalo huhesabiwa kwa asilimia 5. Maana yake ni kwamba dola zilezile 4,280, kabla ya Februari 2021 benki ilipouza, zisingemgharimu mteja hata senti katika uwiano wake. Katika ripoti mistari yote 2 huonekana, wa benki ukiwa na salio sifuri na maneno kwamba deni limeuzwa, na wa mnunuzi ukiwa na salio kamili; mtu asiyejua huona madeni 2, na mwingine hulipa benki ambayo haina tena haki ya kupokea.

Pingamizi la Januari lilikuwa kosa la gharama kubwa kuliko lilivyoonekana. Halikuwa la kweli, kwa kuwa deni lilikuwa lake, na liliacha alama iliyoua ombi la kwanza. Pingamizi la Mei lilifanya kazi kwa sababu lilihusu jambo moja lililokuwa na karatasi nyuma yake, na kwa sababu lilimalizika kabla mkopeshaji hajafungua faili. Haki ya kupinga ni ileile. Kilichobadilika ni ukweli wa dai na mwezi wa kulitoa.

Mpangilio wa fedha ulifanikiwa kwa sehemu kwa bahati. Fedha za mchezo ni halali kabisa, lakini mchambuzi wa mkopo anayekuta dola 1,900 taslimu zimeingia ghafla benki hutaka kujua zimetoka wapi, na kikundi cha akina mama wanaoandika zamu zao kwenye daftari hakina karatasi inayomridhisha. Zamu ilipoangukia Julai, mbali na miezi 2 iliyokaguliwa, na fedha zikapita posta badala ya benki, swali halikuzuka. Zingeangukia Septemba, ingebidi deni lilipwe kutoka akiba na mchezo ukae nje ya benki hadi baada ya kusaini.

Upande ulioachwa wazi ni kodi. Mteja alijua kuhusu 1099-C kabla ya kusaini makubaliano, lakini hakutenga fedha, na dola 286 zikaja mwezi ambao familia ilikuwa ikinunua jokofu na kulipia bomba lililopasuka. Katika mazungumzo ya Julai ilifaa kodi hiyo ihesabiwe ndani ya ofa, kwa sababu kila dola iliyopunguzwa na kampuni ilikuwa ikibeba senti 12 za mamlaka ya kodi.

Kuhusu kiasi chenyewe, asilimia 44 si mafanikio ya ajabu. Wanunuzi wa madeni hununua kwa sehemu ndogo ya thamani, na subira ya miezi michache pengine ingeshusha bei. Ila mteja alikuwa akilipa kodi ya pango ya dola 1,250 kila mwezi, na mwenye nyumba alikuwa ametangaza kuipandisha Januari. Mtu anayejadiliana huku ana tarehe ya nyumba kichwani huwa hana subira ya kuuza, na hilo si jambo la kumlaumu.

Ni lazima pia kusema kwamba hesabu hii imefungwa na jimbo. Familia kama hii ikiwa Houston, kikomo cha kushtaki kingekuwa miaka 4, kwa hiyo kingekuwa kimekwisha Juni 2023, na kwa sheria ya Texas iliyoanza mwaka 2019 malipo kwa mnunuzi wa deni hayalifufui deni lililokwisha kupita kikomo. Tishio la mahakama lisingekuwepo, wala dola 50 zisingekuwa mtego. Lakini Texas ni jimbo ambalo mali na madeni ya wanandoa huhesabiwa kuwa ya pamoja. Hata kama mume angetimiza miaka yake 2 ya kujitegemea na kuomba mkopo wa FHA kwa jina lake tu, deni la mkewe lingeingia katika hesabu yake, na ile 214 ya kila mwezi ingebaki palepale hadi deni limalizwe au litoke katika ripoti Juni 2026.